Mbegu za Kuagiza

Harith alikuwa fundi wa milango, na kama mafundi wengi wa milango mjini Amu, kisiwani Lamu, alikuwa mwongo wa kutegemewa. Mteja akimuuliza mlango wake umefika wapi, alijibu "kesho kutwa, inshallah" kwa uso mkavu, ilhali mbao zenyewe bado zimeegemea ukuta zinakula vumbi. Ungetarajia mtu wa namna hiyo ajue kunusa ahadi isiyo na tarehe. Wapi! Yeye alikuja kudanganyika na mtu ambaye hata hakumdanganya.

Alikuwa amekaa miaka na mkewe Raihana bila mtoto, na mji ukaamua kwamba kasoro iko kwa Raihana. Mji wetu huamua hivyo siku zote: tumbo ni la mwanamke, basi na kesi ni yake. Mwishowe wawili hao wakaenda Mombasa kupimwa kimyakimya, huku nyuma wameaga kwamba wanakwenda harusini. Raihana akakutwa mzima hana tatizo lolote. Manii ya Harith yakawekwa kwenye darubini, yakatazamwa, yakatazamwa tena na mtu mwingine mwenye miwani mizito zaidi, na haikuonekana mbegu hata moja ya kusingizia.

"Nisitiri," Harith alimwomba mkewe wakiwa bado kwenye ngazi za hospitali. "Watu wa barazani watanimaliza."

Raihana akamsitiri. Gharama ya sitara hiyo ikawa inaletwa kila Ijumaa juu ya sinia na mama mkwe wake, Bi Radhiya. Kwanza lilikuja kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kuoshwa kwa marashi. Hilo Raihana alilinywa kwa bismillahi na hakuwa na neno. Lakini Bi Radhiya hakuamini dawa isiyomkunja mtu uso, kwa hiyo nyuma ya kombe lilifuata bakuli la pili, alilolibuni mwenyewe: shubiri, habasoda, na mizizi ambayo hakuna aliyethubutu kuiulizia jina. Alisimama juu ya kichwa cha mkwewe mpaka aone kitako cha bakuli. Harith naye alikuwa pembeni anakula halua iliyokuja kwenye sinia hilohilo, akisema, "Si mai tu hayo? Meza uyasahau."

Kule Mombasa walikuwa wamekutana na Daktari Gakii, mtafiti, mwanamke wa Meru mwenye subira ya kueleza jambo moja mara tatu. Alisema wanachukua kipande cha ngozi ya mtu, kisha wanazirudisha seli zake utotoni, zilipokuwa bado hazijaamua zitakuwa ngozi au ini. Seli za namna hiyo huitwa seli shina. Halafu wanajaribu kuzifunza ziwe mbegu za kiume. Kwa panya wamefanikiwa, panya wamezaa. Kwa binadamu bado. Wangehitaji pia kipande kidogo sana kutoka kwenye korodani, ili wajue kwa nini kiwanda kimefungwa.

"Huu ni utafiti, si matibabu," alisema. "Wewe hutapata mtoto hapa, Bwana Harith. Umenielewa?"

Harith alisema ameelewa. Alielewa kifundi. Kwenye kazi yake, mtu akija kuchukua kipimo na kuondoka na kipande cha mbao cha mfano, mlango umeshaagizwa, na kilichobaki ni kungoja. Akatoa vipande vyote viwili, akajiona ameagiza mbegu.

Alirudi Amu anatembea miguu mbali mbali, akawaambia watu ni mshipa wa ngiri. Wazee wa barazani waliokuwa na mishipa yao wenyewe wakampokea kama ndugu aliyepotea. Kila mmoja alikuwa na ushauri, na mmoja wao alijitolea kumwonyesha wa kwake ili walinganishe.

Ijumaa nyingi zilipopita, Bi Radhiya akatangaza kwamba amechoka kungoja mjukuu. Alikuwa amempata Ghada, binti wa watu wa Faza, na baba wa binti alikuwa tayari ameshaanza kuongeza ghorofa juu ya nyumba yake kwa ajili ya bwana harusi. Mtu mwenye akili angekataa. Lakini kukataa kunataka sababu, na sababu Harith alikuwa ameifukia Mombasa. Isitoshe alishapiga hesabu zake: mpaka siku ya harusi agizo litakuwa limefika, na mbegu zikishafika, zitawatosha wake wawili.

Raihana hakupiga kelele. Alimwambia wakiwa wanakunywa chai, "Mimi sitatoa neno. Siri ni yako. Lakini nyumba hii babangu alinipa mimi, kama ada ya Amu ilivyo, na wewe uliingia na sanduku moya na tupa zako za kazi. Siku utakayopanda boti kwenda kuposa Faza, sanduku lako utalikuta nde ya mlango."

Na hakuwa anatania. Tuseme wazi hapa, maana fundi huyu nimemsema vya kutosha: Harith alimpenda mkewe. Alipenda anavyocheka kwa pua, alipenda hata anavyomtukana. Nyumba isiyo na sauti yake hakuitaka. Ndiyo maana akampigia simu Gakii na kumwambia hali yake ni mbaya, afike Ijumaa bila kukosa, kabla ya posa: mbegu zikifika, posa haitakuwa na haja.

Ijumaa asubuhi boti ilikuwa tayari gatini, ikingoja maji yajae ili Mkanda, mlango-bahari mwembamba wa njia ya Faza, upitike. Ami yake Harith, Mzee Abdulqadir, ambaye ndiye angekuwa msemaji wa posa, alikuwa amekaa kwenye daka la nyumba, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, amejifukiza udi mpaka paka wamehama. Bi Radhiya alikuwa ameingia na sinia lake. Mara akatokea Gakii, ameshuka ndege kisiwa cha Manda na kuvuka kwa boti, jaketi la kuelea bado liko mwilini.

Harith akamvuta kwenye kona ya daka.

"Wapi panauma?" Gakii aliuliza. "Umevimba? Una homa?"

"Sina homa. Zi tayari?"

"Nini?"

"Mbegu, daktari. Zangu. Nimengoja sana."

Gakii alimtazama mtu huyu ambaye amemtoa Mombasa kwa ndege. Akavua jaketi polepole, labda ili mikono iwe na kazi.

"Seli zako ziko hai. Zimekubali kurudi utotoni, na sisi maabara tulishangilia. Lakini kutoka hapo mpaka mbegu, bado hatujui njia. Labda miaka kumi, labda ishirini, labda isiwezekane kabisa. Nilikuambia."

"Uliniambia," Harith akakiri. Ndipo alipokumbuka kwamba mwanamke huyu hakuwahi kumwambia hata kesho kutwa.

"Harith!" Mzee Abdulqadir aliita. "Mai yameyaa! Twende, watu wa Faza wametinda mbuzi!"

"Huyo ni nani?" Bi Radhiya akauliza. "Daktari wa mshipa?"

"Mambo ya mgonjwa siyasemi, mama," Gakii alijibu kwa adabu.

"Basi, daktari, mtazame na mkewe. Tumbo lake halishiki kitu. Nimempa dawa mpaka mimi ndiye niliyechoka."

Raihana alikuwa amesimama mlangoni, amekwisha kunywa kombe, na bakuli la pili liko mkononi. Nyuma yake, sakafuni, sanduku la Harith lilikuwa limefungwa kamba. Alipeleka bakuli mdomoni kama kila Ijumaa, macho yake kwa mumewe juu ya ukingo wa bakuli, na kabla shubiri haijamgusa ulimi, uso ulikuwa tayari umejikunja, umezoea.

Harith hakuwahi kuutazama uso huo. Siku zote alikuwa anatazama halua.

"Iweke tini," alisema.

"Mwache anywe!" mama yake akafoka.

"Mama, ni mimi. Raihana hana kitu. Mimi ndiye sina mbegu, hata moya."

Mzee Abdulqadir akapatwa na kikohozi kirefu. Nje barazani kete za bao zilinyamaza, kisha sauti ya mzee mmoja ikapenya ukutani, yenye majonzi ya mtu aliyesalitiwa:

"Kumbe si mshipa?"

Bi Radhiya hakugeuka. "Na mkeo ayua?"

"Ayua. Tulipimwa sote Mombasa."

"Ayua," mama yake akarudia, "na akanywa."

Alimtazama Raihana, kisha akalitazama bakuli. Akalipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto, akamsogezea mwanawe.

"Shika."

"Mama, daktari huyu hapa, muulize. Shubiri haileti mbegu."

"Nimekuuliza? Kunywa."

Harith akanywa. Funda la kwanza lilimkunja uso, la pili likamtoa machozi. La tatu alitaka kulitema, lakini mkono wa mama yake ulikuwa chini ya bakuli unaliinua.

"Mpaka tini," alisema Bi Radhiya. "Abdulqadir, nenda Faza peke yako ukawaombe radhi."

"Niwaambie mshipa umemrudia?"

"Waambie kweli, ami," alisema Harith, akitweta. Kisha akamgeukia mkewe, kidevu kinamchuruzika. "Kila Ijumaa ulikuwa wanywa hii?"

"Kila Ijumaa."

Alinyoosha mkono kwenye sinia kutafuta kipande cha halua cha kuokoa ulimi. Kilikuwa kimebaki kimoja tu. Raihana akakiwahi, akakila polepole, mbele yake, mpaka akalamba vidole. Ndipo alipolifungua kamba sanduku la mumewe.