Vidonge Vitatu kwa Siku

Watoto wa Mama Fundi hawakuwa na upungufu wa mapenzi. Hata kidogo! Mapenzi yalikuwa tele, nusura yamuue bibi wa watu.

Mama Fundi, aliyeshona sare za shule miaka arobaini, alikutwa na presha. Dawa yenyewe kidonge kimoja tu kwa siku. Lakini binti yake wa kwanza, Dada Mkubwa, mtunza stoo asiyeamini hata kivuli chake, angewaachiaje wadogo zake jambo zito kama hilo? Akanunua pakiti yake, akawa anapita kila asubuhi kabla ya kazi na kusimama mlangoni mpaka mama ameze. Asilolijua ni kwamba saa saba mdogo wake wa kiume, dereva wa teksi, naye anapita na pakiti yake, kwa kuwa dada mtu ni wa maneno tu. Na jioni anafika kitinda mimba, msusi, na ya kwake, maana kwa maoni yake wale wawili wote ovyo. Wangeulizanaje? Tangu wagombanie kabati la marehemu baba yao, hawasemeshani.

Mwezi haukuisha, mama akaanza kuona kizunguzungu. Akisimama, chumba kinazunguka. Akaunguza shati la mteja, akapotewa na jina la jirani, mwishowe akaanguka kando ya cherehani na kuteguka mkono. Hapo wanawe, madaktari bingwa wasio na cheti, wakakubali kukaa pamoja na kukata shauri: mama kazeeka, akili zinamtoka, nyumba ifungwe, cherehani iuzwe, naye ahamie chumba cha nyuma kwa Dada Mkubwa. Mama alisema hataki kutoka kwake. Wakamwitikia ndiyo mama, ndiyo mama, huku wakipanga siku ya kuhamisha vyombo.

Lililobaki ni zahanati tu, wapate karatasi ya kuthibitisha uzee. Muuguzi alimpima mama presha akiwa amelala, akampima tena akiwa amesimama, akakunja uso. Presha ilikuwa chini mno. Akauliza ni nani anayempa dawa.

"Mimi," wakajibu wote watatu kwa pamoja, kila mmoja kifua mbele.

Dada Mkubwa, hodari wa kuhesabu maboksi kazini, alichukua muda mrefu kweli kuhesabu hadi tatu.

Muuguzi hakuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliwaambia uzee si ugonjwa, na mzee akianza kuyumba na kuchanganyikiwa ghafla, dawa zake huchunguzwa kabla hajaitwa chizi. Dozi ikirekebishwa, mama ataishi nyumbani kwake kama kawaida. Kuanzia sasa kidonge kimoja, na mtu mmoja wa kukisimamia.

Badala ya kuona haya, Dada Mkubwa alitafuta wa kulaumiwa, akampata papo hapo. Akamgeukia mama yake na kumuuliza kwa nini hakusema kwamba ameshameza.

Mama Fundi alikuwa anahangaika kufunga vifungo vya blauzi kwa mkono mmoja.

"Ningesema," akajibu, "halafu nani kati yenu angekuja tena?"

Dada Mkubwa alijitahidi kukumbuka siku moja, moja tu, aliyokwenda kwa mama yake bila kidonge. Hakuipata.