Vidole vya Tullio

Pale Gardone, mji wa mafundi bunduki huko Italia, mtu mwenye jasho kali hapewi kazi ya kumalizia bunduki. Akigusa leo chuma kilichosuguliwa, keshokutwa alama za vidole vyake zimeshashika kutu. Watu humwita mkono wa kutu, na haijalishi ni mtoto wa nani. Oreste, fundi tupa aliyeelewa chuma kuliko alivyoelewa watu, alimfukuza mwanawe mwenyewe.

Tullio alikuwa na miaka kumi na tisa. "Toa mikono yako hapo," baba yake alimwambia mbele ya mafundi wote. "Nenda kachunge mbuzi. Mbuzi hawashiki kutu." Karakana nzima ilicheka, na Tullio naye akacheka kidogo, kisha akavua aproni. Ulikuwa wakati wa vita. Alipanda milimani akajiunga na wapiganaji, na hakurudi. Hata maiti haikupatikana. Tangu hapo, kwa miaka ishirini na moja, Delfina, mama yake Tullio, alimpikia mumewe polenta, ugali wa kwao, akamfulia na kumpigia pasi, bila kulitaja jina la mtoto hata siku moja. Oreste alijua vizuri kwamba huko si kusamehe.

Siku moja Ermes, mchora nakshi, akaja kwa Oreste na bastola ya zamani iliyofungwa kwenye gunia. Ilikuwa imeonekana kwenye paa la kibanda cha wachungaji, na klabu ya wapiganaji wa zamani ilisema ni ya kamanda wao. Walitaka jina la kamanda lichorwe ubavuni kabla ya Jumapili.

"Pitisha kidole mwenyewe, mzee. Vishimo vitupu vya kutu. Nisawazishie kwanza," Ermes alisema. "Kalamu yangu ikikutana na shimo inateleza, na herufi ikishaharibika ndiyo basi tena."

"Mpumbavu gani aliiweka bila kuifuta na mafuta?"

"Alikuwa anakimbia risasi, mzee. Msamehe."

Oreste aliguna. Asubuhi iliyofuata aliibana bastola kwenye jiliwa, akaikinga kwa vipande vya mbao, akaanza kupiga tupa kwa urefu, pole pole, ili kingo zisije zikaviringika. Vishimo vilikuwa vimekusanyika mafungu manne, moja chini ya jingine. Alitambua mara moja kwamba bastola ilishikwa ubavuni na mkono wa kutu, akalaani kimoyomoyo. Fungu la kwanza likaisha. La pili likaisha, akalipitishia jiwe lenye mafuta mpaka chuma kikang'aa. Alikuwa akipiga mluzi.

Alipofika la tatu, tupa ilisimama. Alama ya kidole cha pete ilikuwa fupi kuliko ya kidole cha mwisho.

Tullio alikatwa ncha ya kidole cha pete na mashine akiwa na miaka kumi na minne. Oreste ndiye aliyemfunga kwa leso yake, huku akimgombeza kwa uzembe. Sasa aliiweka tupa chini, akakaa kwenye kigoda.

Ermes alipopita mchana alimkuta hapo hapo.

"Tayari?"

"Siendelei. Hiki ni kidole cha mwanangu."

Ermes aliinama akatazama. "Kutu ni kutu, mzee. Bastola hii imeshikwa na nusu ya bonde hili."

"Na wangapi kati yao walikuwa na mkono wa kutu na kidole kilichokatika?"

Ermes alijikuna kichwa. "Sasa klabu niwaambie nini?"

"Waambie Oreste kazeeka, kazi imemshinda."

Kwa miaka hamsini hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo. Ermes akaondoka bila kufanya utani wowote.

Oreste alitoka akaenda kumwita mkewe. Delfina hakuwa amekanyaga karakana tangu mwaka Tullio alipofukuzwa, na mlangoni alisita. Kisha akaingia, angali na unga mikononi.

"Hapa ni kidole cha pete," Oreste alimwambia. "Hapa ni cha mwisho. Ni Tullio." Jina lilimtoka kwa shida.

Delfina alijifuta mikono kwenye gauni, akaviweka vidole vyake viwili juu ya vishimo. Akaviacha hapo kwa muda mrefu. Alilia bila sauti, na Oreste, kwa mara ya kwanza tangu vita viishe, alilia mbele yake.

"Na vile viwili vingine?" Delfina aliuliza.

"Nimevisugua asubuhi. Sikujua."

Hakumgombeza. Laiti angemgombeza. "Vilikuwa wapi?" aliuliza tu. "Niwekee alama, nishike mkono wote."

Oreste alichukua chaki akaisogeza kwenye ubavu wa bastola. Hapo palikuwa safi, pamenyooka, hapana hata doa. Vishimo vile alivitazama asubuhi nzima, lakini alivitazama kama uchafu wa kuondoa, na sasa hakukumbuka vilianzia wapi wala viliishia wapi.

"Hata kwa kukisia, Oreste," Delfina alisema.

Oreste aliishika chaki, na hakujua aiweke wapi.