Njia ya Zamani ya Saa

Verediana ni mbishi, na mimi Judica, ninayekaa naye ofisi moja hapa Mbulu, nampendea hilo hilo.

Kazi yetu ni maktaba ya C, msimbo wa kompyuta unaopokea maombi ya programu na kuyapeleka kwa kerneli, moyo wa mfumo wa kompyuta. Mwaka mmoja kerneli mpya zilikuwa na njia pana ya kuulizia saa, maana tarakimu za kuhesabia saa katika ile ya zamani zingejaa ifikapo mwaka 2038. Verediana aliiandika njia hiyo mpya kwa kila aina ya prosesa, ubongo wa kompyuta. Kwa prosesa ndogo akaongeza jambo: maktaba iulize kwanza kwa njia mpya, na kerneli ikijibu haiijui, irudie kwa njia ya zamani.

"Hiyo ya zamani futa," alisema Joakimu, mkuu wetu. "Inatuchelewesha. Nani bado ana kerneli ya kale?"

"Mzee," alijibu Verediana, "yupo Herman wa Katesh, afisa mifugo. Friji yake ya chanjo inalindwa na kikompyuta ambacho kerneli yake haibadiliki tena, waliokiunda walishafunga kampuni. Kikikosa saa, umeme ukikatika hakipigi kengele. Chanjo zote zitaharibika."

"Mtu mmoja tu!"

Mimi nilitaka kumfokea. Verediana wala. Akauliza kwa adabu, "Mzee, shamba lako la Masieda ulilima lote?"

"Lote, isipokuwa njia ya ng'ombe."

"Mbona hukuilima? Udongo wa pale ni mzuri."

"We binti! Ng'ombe wa jirani yangu Gidahosh wapite wapi kwenda majini?"

Verediana akamwonyesha kwenye kompyuta mistari ya ile njia ya zamani ya saa. Joakimu akajikuna kidevu, akachukua kofia yake.

"Iache," alisema, akatoka.

Mvua za masika zilipoangusha nguzo za umeme kule Katesh, nilikosa raha nikifikiria friji ile. Herman akapiga simu, nikaweka sauti kubwa ili Verediana asikie.

"Umeme ulikatika, kengele ikapiga, nikawasha jenereta. Ndama wamechanjwa wote. Lakini nyie watu, ile maktaba yenu mpya niliyoweka kwenye kikompyuta, mbona sioni tofauti yoyote? Kila kitu kipo vilevile!"

Alisema kama analalamika. Verediana alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Mimi nilijivunia kumjua Verediana.

"Asante, Herman," alimjibu. "Hicho ndicho nilichotaka kusikia."