Palizi Katika Bustani ya Mimea Adimu

Atuganile alikuwa na asubuhi hiyo tu ya kujiokoa. Muda wake wa majaribio katika bustani ya mimea ya asili pale Sumbawanga ulikuwa unakwisha, na bosi wake, Mzee Kasmir, aliamua kufuatana na wageni aone kama binti huyu wa Mbeya anafaa kuajiriwa. Akiikosa kazi hii anarudi kwa shangazi yake kuuza mitumba, na shangazi mwenyewe ana mdomo.

Wageni walikuwa akina mama wa jumuiya kutoka Chala, wakulima wa ulezi tangu utoto. Atuganile akatangulia, uso mbele, sauti juu. Alieleza nyasi zilizobaki kwenye kilima kimoja tu cha Ufipa. Alieleza ua la buluu linalochanua baada ya moto. Alieleza vizuri, hapo hana wa kumlaumu. Kosa lake ni kwamba hakugeuka nyuma.

Sasa wewe mpitishe mama wa Kifipa kwenye shamba la mtu lililosongwa na magugu, halafu umwambie asiiname! Atapitaje mikono mitupu, kama mtu asiye na utu? Walimwonea huruma binti wa watu, msomi, mpole, ameachiwa shamba peke yake. Wakang'oa. Waling'oa huku wakiitikia "ehee" kwa adabu, na mizizi wakaikung'uta udongo vizuri isije ikashika tena.

Atuganile alipogeuka, nyuma yake palikuwa peupe kama uwanja wa kanisa siku ya Pasaka. Kila mama alikuwa na tita lake. Akamtafuta Mzee Kasmir kwa macho, na Mzee Kasmir, mtoto wa kijiji cha Mwimbi aliyekulia kwenye palizi, alikuwa ameficha mikono mgongoni.

"Na mmea adimu kuliko yote," akasema Atuganile, "tunamwomba mzee atuonyeshe."

Mzee akatoa mkono polepole. Ua la okidi, mizizi imekung'utwa udongo, lilikuwa limeshalegea shingo.

"Hii," mzee akakohoa, "iko... iko hatarini kutoweka."

Akina mama wakapiga makofi. Mzee akamsogelea Atuganile, akamnong'oneza: "Mwanangu, kazi umepata. Ila jambo hili liishie hapa hapa."

Atuganile akaangua kilio, asijue analilia kazi au bustani. Mama Agnesi, kiongozi wa msafara, akamshika bega.

"Nyamaza, mwanangu. Pole na kazi. Magugu yakiota tena utuite. Hatuwezi kukuachia shamba peke yako."