Maji ya Gurudumu la Kushoto

Siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, mkurugenzi wa maji aliingia gereji na gari lake jeupe. Akashuka bila kuzima injini, akamwambia fundi kwamba gari linatetemeka kila akikanyaga breki, na kwamba yeye ana mkutano.

Mtaani walimwita Bwana Bomba. Mwenyewe alidhani wanamsifu.

"Mtetemo unausikia kwenye usukani au kwenye kiti?" fundi aliuliza.

"Kuna tofauti gani?"

"Ukiwa kwenye usukani, tatizo liko mbele. Ukiwa kwenye kiti, liko nyuma."

"Mimi ni mtu wa mipango, fundi. Mambo ya viti siyajui."

Fundi akaliendesha mwenyewe hadi mwisho wa barabara na kurudi. Usukani ulimchezea mikononi. Akapiga jeki, akafungua gurudumu la mbele la kushoto, akabandika saa ndogo ya kupimia kwenye diski ya breki na kuizungusha polepole. Mshale ulisogea mbele, ukarudi nyuma. Diski ilikuwa imepinda.

"Diski hupinda hivi ikiwa ya moto halafu ikamwagiwa maji ya baridi," alisema. "Umepita kwenye maji?"

"Maji? Kwenye mji huu?" Bwana Bomba alicheka mpaka akatoa leso. Alicheka kwa raha zote, kana kwamba idara ya maji ilikuwa ya mtu mwingine.

Fundi alifunga diski mpya na pedi mpya. Gari likatulia siku tatu. Siku ya nne lilirudi likitetemeka vilevile, na diski ya kushoto ilikuwa imepinda vilevile. Akabadilisha tena. Likarudi tena. Mara ya tatu alilipeleka kwenye mteremko, akakanyaga breki kwa nguvu, akashuka kuchungulia. Mvuke ulikuwa unapanda. Katikati ya gurudumu, mahali penye beringi na grisi tu, palikuwa panatoka maji.

Alirudi gereji, akalitoa gurudumu. Maji yalitiririka, unene wa kidole, safi na ya baridi, yakinukia kwa mbali ile dawa ya kusafishia maji. Fundi akaweka beseni chini, akaenda kunywa chai. Aliporudi beseni lilikuwa limefurika. Ndipo akampigia simu dada yake.

Dada yake alikuwa mkunga kwenye zahanati ya jirani. Bomba la pale lilikuwa halijatoa tone kwa miaka minne. Mama aliyekuja kujifungua alikuja na nguo za mtoto na dumu la maji. Mwezi uliopita mmoja alikuja bila dumu, maana hakuwa na wa kumbebea, na mkunga akanawa kwa maji yaliyobaki chini ya ndoo. Yule mama alirudi kwake na homa. Wiki haikuisha, akawa amezikwa.

Mkunga alifika na ndoo mbili. Akazijaza, kisha akainama, akatazama yanakotoka.

"Haya ni yetu," alisema.

Hakuna aliyebisha. Kila mtu alikumbuka mwaka ule mtaro wa mabomba ya zahanati ulipochimbwa ukaishia nusu, na wiki hiyohiyo gari jeupe likafika.

"Dada, lakini gari ni la watu. Lazima nilitengeneze."

"Litengeneze, mdogo wangu. Ila haraka ya nini?"

Fundi hakuwa na haraka. Kwa siku tisa kila aliyepiga simu kutoka ofisini aliambiwa kipuri hakijafika, na kwa siku tisa akina mama walipanga foleni na ndoo zao kati ya matairi. Siku ya kumi Bwana Bomba alikuja mwenyewe. Aliitazama foleni, akayatazama maji. Swali lake lilikuwa moja tu: nani ametoa kibali?

Fundi akamweleza bila kuzunguka. "Mheshimiwa, ndani ya gari lako kuna maji ya zahanati. Ukikanyaga breki diski inapata moto, maji yanaimwagikia, inapinda. Hata nikufungie diski mia."

"Ziba."

"Niliziba. Yakatokea kwenye taa."

"Sasa dawa yake nini?"

"Laza mabomba. Gari litakauka lenyewe."

Bwana Bomba akafikiri. Hakuwa na mazoea hayo, na alipofikiri ilibidi ashike tai. Mwisho akauliza gari linajaza ndoo ngapi kwa siku.

Wiki iliyofuata gari lilivutwa hadi kwenye lango la zahanati, likapandishwa juu ya matofali, likapakwa rangi ya buluu hadi madirishani. Pembeni kilisimikwa kibao, jina la mkurugenzi juu kwa herufi kubwa, neno "maji" chini kwa herufi ndogo. Alikata utepe. Alihutubia dakika arobaini, akasema kiongozi anayewapenda watu wake huwapa hata gari lake. Wageni waalikwa walipiga makofi. Wenye ndoo mikono yao haikuwa na nafasi. Jioni ileile vibarua waliufukia mtaro, kwa kuwa haukuhitajika tena, na Bwana Bomba akaondoka kwa gari jipya jeusi, refu kuliko la kwanza.

Maji ya gurudumu moja yalitosha wodi ya wazazi hadi saa nne asubuhi. Baada ya hapo akina mama waliendelea kuja na madumu.

Mwisho wa mwezi idara ilileta fomu. Penye "Maji" palikuwa na visanduku viwili, Yapo na Hayapo, na mkunga aliambiwa atie alama kwenye Yapo. Akatia. Chini yake palikuwa na mstari wa "Chanzo". Akaandika kwa mwandiko mzuri: gurudumu la mbele, kushoto. Kisha akaandika jina la yule mama aliyekufa, na tarehe.

Fomu ilipigwa mhuri siku hiyohiyo. Ofisini hakuna aliyesoma hadi pale.