Viti Kando ya Mtaro

Wingu zito lilikuwa limetanda juu ya mtaa wa Tena, na Mwongeli alikuwa ameshashika mtaimbo wake alipoona majirani wakija kuzibua mtaro. Kila mmoja alibeba kiti cha plastiki. Hakuna aliyebeba hata jembe.

Mvua iliyopita ilipoingiza maji machafu hadi jikoni mwake, waliitisha mkutano. Mkutano ukazaa kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kazi yenyewe.

"Tukae kwanza tupange zamu," alisema Munene, mwenyekiti wa ploti, akijiweka kitini. Akamgeukia Mwongeli. "Mama Kyule, tuombee tuanze."

Tone la kwanza lilimwangukia Mwongeli kwenye paji la uso. "Omba wewe, Mwenyekiti," akasema. "Mimi nimeshaanza."

Wakakaa, wakafumba macho. Munene akawaombea wagonjwa, wajane na walio safarini. Mwongeli akapenyeza mtaimbo chini ya mfuniko wa simiti wa mtaro, kwa maana mvua ikiwakuta bado wamekaa, uchafu wote ungeingia nyumbani kwake kwanza. Akakandamiza, mfuniko ukainuka.

Kabla ya amina, uvundo ulikuwa umeshawainua wote vitini.