Mstari wa Tisa

Chausiku alikuwa anapiga deki baraza la zahanati, mlimani juu ya Kinole, pale mtu wa ramani aliposhuka kwenye bodaboda, tope hadi magotini. Aliitwa Emmanuel. Alitumwa kuandika vyumba vya jengo jipya la wazazi: ukubwa wa kila kimoja, watakaokitumia, maji yaingilie wapi na yatokee wapi. Kisicho kwenye fomu, aliwaambia wanakamati, hakichorwi. Na kisichochorwa hakijengwi.

Chausiku alikuwamo kwenye kamati tangu alipofiwa na mumewe, aliyekuwa mjumbe kabla yake. Akanawa, akaketi. Vikasomwa vyumba vinane. Ofisi zilikuwa mbili, na stoo ya makaratasi. Pa kumkandia mzazi hapakuwapo.

Alipouliza, Emmanuel akajibu kwa adabu kwamba bafu lipo. Wanawake wakatazamana, wakacheka. Bafu lenyewe la kusimama mtu mmoja. Huku mama akishajifungua huchemshiwa maji, ndugu mmoja akamshika mabega, mwingine akamkanda kiuno na tumbo kwa kitambaa cha moto. Miaka yote kazi hiyo hufanyika nyuma ya choo, hata mvua ikinyesha. Masika yaliyopita Mwanahawa, binti yake Chausiku, aliteleza hapo akiwa na siku moja tu ya uzazi, akarudishwa wodini kwa machela.

Mwenyekiti Abeid akatazama saa. Mvua ikishuka, bodaboda haitapita.

"Fomu ina mistari minane, mama. Saini, mgeni aondoke."

"Nikisaini nimesema vinatosha," Chausiku akasema. "Na sala ya adhuhuri hiyo inakuja. Nitasimama vipi mbele ya Mola na uongo wa asubuhi hii hii?"

Akaenda kuleta kigoda, akakiweka katikati ya baraza.

"Kaa hapo, mwenyekiti. Leo wewe ndiye mzazi."

Baraza likaangua kicheko. Abeid akasita, kisha akakaa. Maimuna, mkunga wa zamani, akamshika mabega. Chausiku akapiga magoti mbele yake, ndoo ubavuni, jiko la mkaa nyuma. Kisha wakatandaza kanga sakafuni kuwazunguka mpaka pakatosha kugeuka bila kugongana. Emmanuel akavuta futi yake ya kupimia, akapima: mita tatu kwa mbili na nusu.

Akaitazama fomu kwa muda, akachukua rula, akapiga mstari wa tisa chini ya ule wa nane, akaujaza.

"Mjini watakikata," Abeid akasema, bado yuko kigodani.

"Huenda," Emmanuel akajibu. "Lakini watakuwa wamekisoma."

Chausiku akaomba asomewe mstari huo. Kisha akatoa daftari, akanakili neno kwa neno kwa mwandiko wake wa darasa la saba: chumba cha kukandia, jiko, mfereji wa maji machafu, mlango wa kupita watu wawili. Akamsogezea Emmanuel.

"Wewe saini hapa kwanza, mwanangu."

Emmanuel akasaini daftari. Naye Chausiku akasaini fomu.

Bodaboda ilipoondoka, akalirudia dekio lake. Alifuta nyayo za tope zote. Kabla ya kuzikunja kanga, akaokota kipande cha mkaa, akachora sakafuni kufuata pindo zake, pande zote nne, akiacha nafasi ya mlango.